Tembe za kusomea: zipime kabla hujazimeza

Msimu wa mitihani ukikaribia hapa Mombasa utaanza kusikia maneno. Ukipita Tudor jioni utawakuta vijana wa chuo, mmoja ana flaski ya kahawa, mwengine ana kimfuko cha muguka, yale majani ya kutafuna, na njugu, na siku hizi kuna huyu wa tatu ambaye hana flaski wala kimfuko, yeye ana stripu ya vidonge ndani ya pochi, ati tembe za kusomea, meza moja ukeshe mpaka asubuhi na kitabu chote kiingie kichwani. Mie nilikuwa huyo wa tatu. Sikuwa hata mwanafunzi wa kutwa, nilikuwa karani wa makontena shifti ya usiku, huku nasomea CPA, ile mitihani ya uhasibu, na nyumbani kuna mtoto wa miezi minne analia kama honi ya meli. Kwa hiyo sikuhubirii, nakuonesha ile hesabu ambayo natamani mtu angenionesha kabla sijatoa pesa yangu.

Chukua karatasi. Karatasi kweli, sio simu, manake simu utaishia TikTok. Juu kabisa andika wataka dawa ikufanyie nini. Na usiandike "niwe na akili", hiyo haipimiki. Nshawasikia watu wanne wakisema neno moja hilohilo na kila mmoja ana shida yake. Wa kwanza analala saa nne kwa siku mwezi mzima, huyo shida yake ni usingizi. Wa pili alikosa darasa tangu Februari, anataka kidonge kimfundishe alichokosa, na hakuna kidonge kinachojua sheria ya kodi ya Kenya. Wa tatu akili haijawahi kutulia tangu yuko chekechea, anaanza mambo kumi hamalizi hata moja, anapoteza funguo kila wiki, na huyo huenda ana tatizo la kweli la umakini linalopimwa na daktari na lina matibabu yake. Wa nne amechoka tu, yani amechoka hata akilala, na huyu naomba akapime damu kwanza, manake kupungukiwa na damu au tezi ya shingo kulegea kunaweza kukufanya ujione mzito kichwani miezi na miezi, na hapo unameza vya kukaa macho juu ya ugonjwa ambao ungetibiwa kwa dawa nyengine kabisa. Sasa jiulize wewe ni yupi. Kama ni wa kwanza endelea kusoma, wa tatu na wa nne hata kama utaendelea kusoma nenda hospitali kesho, na wa pili, mdogo wangu, tafuta mtu akufundishe.

Alafu jua jina. "Tembe ya kusomea" sio jina. Ukienda sokoni ukaambiwa leo kuna samaki utauliza ni tafi, changu au nguru, hununui tu samaki, sa vipi kitu cha kuingia kwenye ubongo wako unakubali jina la mtaani? Geuza stripu usome maandishi madogo. Kama imekatwa pale penye jina na tarehe, au ni vidonge vitupu kwenye karatasi ya nailoni, hesabu imeisha hapo, usipoteze wino. Huwezi kupima hatari ya kitu usichokijua, na vya bandia viko vingi, kinaweza kuwa chaki, kinaweza kuwa dawa nyengine kabisa.

Haya, ukishapata jina, mara nyingi itakuwa moja ya hizi.

Kafeini wote twaijua, iko kwenye kahawa, chai na hivi vinywaji vya mikebe. Tangu uamke asubuhi kuna kemikali inaitwa adenosini inajikusanya kwenye ubongo, na ikizidi ndio unasikia macho mazito. Kafeini inakuja inakalia kiti cha adenosini, basi. Uchovu haujaondoka, umefichwa nyuma ya pazia, na kafeini ikitoka unauona wote umesimama pale. Nusu yake hutoka mwilini kwa kama saa tano, na kwa dada anayemeza tembe za kupanga uzazi inachelewa zaidi, mara nyingi maradufu, kwa hiyo kikombe cha saa kumi jioni kwake bado kipo usiku wa manane. Wataalamu wa usalama wa chakula Ulaya wanasema mtu mzima mwenye afya asipite miligramu 400 kwa siku, na mjamzito 200. Mkebe wa Red Bull wa mililita 250 una 80. Ile kahawa tungu ya barazani usidanganywe na udogo wa kikombe, hesabu vikombe, manake maongezi yakinoga watu hunywa sita bila kujua.

Muguka na miraa ni mti mmoja, tofauti ni wapi umelimwa na kipi unatafuna. Kemikali yake kubwa, kathinoni, ni kama ndugu wa tumbo moja na amfetamini, ile dawa kali ya kuchangamsha ubongo, na inaanza kupotea jani likinyauka, ndio maana ya jana hainunuliwi. Inapandisha presha na mapigo ya moyo, inaondoa njaa, maneno yanakuwa mengi, alafu usingizi unakataa ukiwa unautaka. Mnakumbuka Mei 2024 gavana Abdulswamad Nassir alipopiga marufuku muguka hapa, Kilifi na Taita Taveta wakafuata, mahakama kule Embu ikasimamisha amri, na kelele zikawa za siasa na soko. Katika zogo lote lile sikusikia mtu akimwambia mwanafunzi kitu kimoja rahisi: handas, ule mchangamko wa kutafuna, inakufanya uongee kuhusu kitabu, haikufanyi ukisome.

Modafinili ndio niliyomeza mie. Ni dawa ya watu wenye ugonjwa wa kulala ghafla mchana, Marekani iliruhusiwa mwaka 1998. Inakaa sana mwilini, saa 12 mpaka 15 ndio nusu inatoka, yani ukimeza saa nne usiku, saa nne asubuhi ya pili nusu nzima au zaidi bado iko na wewe. Hii takwimu ndogo ndio ingeniokoa mie peke yake.

Alafu kuna metilifenideti, inayojulikana zaidi kama Ritalin, na amfetamini zenyewe. Ritalin ilitengenezwa mwaka 1944 na mkemia mmoja Mswisi, Leandro Panizzon, na jina akalitoa kwa mkewe Rita (mapenzi ya watu wa maabara hayo). Kwa mwenye tatizo la umakini lililopimwa hizi ni dawa halali na zinasaidia, tena sana, na msimcheke mtu anayezimeza kwa cheti. Lakini zote mbili ziko kwenye jedwali la pili la mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971, kumaanisha dunia nzima inazichunga, na kuuziana kwenye kibaraza sio mchezo. Kama una safari ya kwenda kutafuta maisha nchi za Ghuba basi chunga zaidi, kule dawa za ukoo huu bila kibali zinaweza kukulaza ndani, na miraa vilevile.

Za mitishamba na mafuta ya samaki sina mengi. Ginkgo ilifanyiwa utafiti mkubwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000, matokeo yakatoka 2008, haikuzuia kusahau kwa uzee. Ukitaka samaki, kula samaki.

Sasa upande wa faida, na hapa nataka uwe mkweli kama uko mbele ya kadhi. Faida ipo. Mtu aliyekosa usingizi akimeza kafeini au modafinili anakaa macho na makosa ya kusinzia yanapungua, jeshi la anga la Marekani limewahi kuwaruhusu marubani modafinili kwa safari ndefu. Mwaka 2015 watafiti wa Oxford na Harvard walipitia tafiti 24 za modafinili kwa watu wasio wagonjwa, wakaona inasaidia kidogo kwenye kupanga na kuamua mambo magumu, lakini kwenye kumbukumbu ya kazi, yani ile ya kushikilia mambo kichwani wakati unayafanyia kazi, haikuonesha tofauti. Soma tena hapo. Kumbukumbu. Si ndio ulikuwa unaitaka?

Utafiti ulionimaliza mie ni wa Australia, 2023. Watu 40 walipewa siku tofauti Ritalin, amfetamini, modafinili na kidonge kitupu kisicho na dawa, kisha wakawekewa kazi ngumu kwenye kompyuta, una begi lenye kikomo cha uzito, una vitu vya bei na uzito tofauti, chagua vipi utie ili thamani iwe kubwa kabisa. Waliomeza dawa walijituma kweli, walitumia muda zaidi na kuhamisha vitu mara nyingi zaidi, lakini ubora wa kuhamisha ulishuka. Fikiria hamali pale Marikiti amechangamka anapakia mkokoteni, anatoa gunia, anaweka gunia, jasho linamtoka, ukimwangalia kwa mbali utasema huyu ndio mfanyakazi, na mzigo haujakaa. Na kuna mwengine wa 2013 wa Marekani, watu 46 wakapewa amfetamini, mitihani yao haikupanda kwa maana yoyote kubwa, ila wao wenyewe waliona wamefanya vizuri zaidi. Hapo ndipo penye mtego wote. Dawa inamhonga hakimu, na hakimu ni wewe.

Mie yalinikuta hivo hivo. Usiku wa kwanza nilikuwa off, nikameza saa nne. Saa sita macho makavu kama ya samaki wa barafuni, nikafungua notsi za kodi, na wallahi nilifanya kazi. Nilipiga rula daftari zima, mstari mwekundu kushoto, wa buluu kulia, nikaandika vichwa vya mada kwa herufi kubwa nikavipaka rangi, nikaona hii rangi haijakaa sawa nikararua nikaanza upya. Adhana ya alfajiri ikanikuta niko mada ya pili, sijafanya hesabu hata moja, lakini moyoni najiona profesa. Mke wangu akaamka kumnyonyesha mtoto, akatupa jicho mezani, akasema, "Hebu Baba Aisha, wasoma au wadarizi kofia?" Nikakasirika, manake pia nilikuwa mwepesi wa kukasirika. Siku ya tatu ya kumeza nikiwa kazini nikaandika namba ya kontena nikageuza tarakimu mbili, box likapelekwa safu nyengine, dereva wa watu akangoja mpaka adhuhuri jua la Changamwe linamchoma, na mie bado nabisha kwamba niliandika sawa.

Kwa hiyo kwenye karatasi yako, upande wa faida usiandike hisia. Andika kitu cha kuhesabika na cha kuhesabiwa na mtu mwengine: maswali mangapi ya pasti pepa kwa saa moja, alama ngapi akisahihisha mwenzako. Kama ukiandika "ntajisikia niko fiti" kata mstari juu yake.

Upande wa hatari gawanya mara mbili, zinazopita na zisizorudi nyuma. Zinazopita ni kama kichwa kuuma, kukosa hamu ya kula, mdomo mkavu, wasiwasi, moyo kupiga mbio, usingizi kuharibika siku mbili tatu. Mtu anaweza kusema haya navumilia. Zisizorudi nyuma ni chache lakini nzito: upele mkali wa ngozi ambao modafinili huleta kwa nadra sana na unaweza kuua, moyo au presha uliyokuwa nayo bila kujua, kuona na kusikia vitu visivyokuwepo kwa mwenye asili hiyo kwenye familia, na uraibu kwa hizi za ukoo wa amfetamini. Usiweke mizani kwa idadi ya mistari. Mstari mmoja wa kuzikwa haulingani na kumi ya kichwa kuuma.

Kuna watu ambao hawahitaji hata kumaliza karatasi, jibu lao ni hapana mpaka daktari aseme vyengine. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo, mwenye kifafa, aliyewahi kuugua akili au ana ndugu wa karibu aliyeugua, chini ya miaka 18, na yeyote aliye kwenye dawa za kila siku, manake modafinili inavuruga ini linavyoshughulikia dawa nyengine. Na hili nalisema kwa sauti kwa sababu nimeona dada zetu hawaambiwi: modafinili inapunguza nguvu ya tembe za kupanga uzazi na hata kijiti cha mkononi, na hali hiyo inaendelea mwezi mmoja baada ya kuacha. Tena ukishika mimba huku unaimeza kuna hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro. Mtu anameza kimoja cha mtihani wa Novemba anakuja kushangaa Januari. Wanaokimbia na wanaocheza mpira wa ligi pia, modafinili na Ritalin ni marufuku siku ya mashindano, Kelli White wa Marekani alinyang'anywa medali zake mbili za dhahabu za dunia za 2003 na ilianzia kwenye modafinili.

Kuchanganya ndio balaa la huku kwetu. Mtu ametafuna muguka tangu alasiri, saa mbili anashushia mkebe wa enaji, saa nne anameza kidonge, alafu saa tisa usiku akitaka kulala anatafuta kitu cha kumzimisha. Hapo hakuna utafiti wa kukusomea, moyo unavutwa huku na kule. Ukianza kusikia kifua kinauma, mapigo hayatulii, umechanganyikiwa, joto limepanda au ngozi inatoka malengelenge, usingoje asubuhi na usione haya kumwambia daktari ulichokula, anataka kukutibu tu.

Sasa kabla ya kidonge chochote fanya jaribio la kahawa, ni rahisi na litakufundisha zaidi ya maneno yangu. Wiki mbili. Kila siku saa ileile fanya nusu saa ya maswali uliyokuwa hujayaona. Siku nyengine kunywa kikombe kimoja kabla, siku nyengine usinywe, na uamue kwa kurusha shilingi isiwe kwa mood yako. Mpe mtu asahihishe bila kumwambia siku gani ulikunywa, na kabla hujaona alama andika unadhani umepata ngapi. Mie nilipofanya, nilichojifunza sio kahawa, niligundua siku nilizolala kwa muda wa saa saba ziliziacha mbali siku zote nyengine, na siku nilizojipa alama kubwa kichwani ndio nilizofeli. Mwezi wa Ramadhani usiifanye, futari na daku zinapindua kila kitu, na kahawa ya daku inakunyima kale kausingizi ka asubuhi unakokategemea.

Kama shida ni usiku mmoja tu wa kazi, lala nusu saa jioni kabla hujaanza, kafeini iwe kidogo kidogo mwanzo wa shifti na ukate katikati ya usiku ili asubuhi ulale, na ukifika nyumbani pazia nzito na simu mbali. Kwenye kusoma, funga kitabu ujiulize maswali badala ya kupaka rangi mistari, ni kazi ya kuchosha na ndio maana inashika.

Na kama baada ya yote haya karatasi yako bado inaelekea kwenye dawa, basi iende na wewe kwa daktari. Mwambie nalala saa ngapi, nafanya kazi gani, natafuna au sitafuni, niko kwenye dawa gani. Kabla ya kukuandikia apime presha kwanza, na muulize nikimeza lini ndio ntalala, dalili gani nisimamishe siku hiyohiyo, na tutaangalia lini kama inafanya kazi. Daktari akikuandikia bila kukugusa mkono nenda kwa mwengine. Dawa nunua kemisti yenye leseni ya bodi ya dawa ukutani, na usimgawie rafiki hata kimoja, mwili wake sio wako.

Aliyeko ndani tayari, anameza kila siku na hawezi kuanza asubuhi bila, aandike wiki moja kila anachokula na saa anayolala alafu ampelekee daktari. Ukiacha za ukoo wa amfetamini ghafla utalala sana na moyo utakuwa mzito siku kadhaa, sio kwamba umeharibika, lakini usipitie peke yako. Namba ya NACADA, shirika la serikali ya Kenya la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, haina malipo, unaongea kwa siri.

Mie stripu yangu ilibaki na tembe saba, ikakaa juu ya kabati miezi. Siku moja nikamkuta Aisha amesimamia kiti, kajifunza kupanda, mkono uko inchi mbili. Jioni ileile nikazipeleka kemisti wakaziharibu wao, manake ukitupa jaa kuna watoto wa wenzio, na chooni zinaishia baharini. Mtihani wa kodi niliurudia mara ya pili, nikapita kwa alama mbili, na daftari lile la rangi analichorea yeye sasa.